Muhula, Wala Si Tarehe ya Mwisho

"Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha lalamiko ni siku 45." Sentensi hii nimeikuta katika tafsiri ya Kiswahili ya maelezo yaliyokusudiwa wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani wanaobaguliwa kazini kwa sababu ya ulemavu. Wapo wenzetu waliochukua uraia kule wakaajiriwa posta au katika hospitali za maveterani, kwa hiyo kijitabu chenyewe si mzaha. Tarehe haiwezi kuwa siku 45. Tarehe ina namba yake, mwezi wake na mwaka wake. Siku 45 ni urefu wa wakati. Mfasiri hakuliona hilo, mhariri wake hakuliona, na aliyewalipa pengine hakuwa na wa kumwonyesha. Kijitabu hichohicho kinasema mwenye ulemavu ana haki ya kuomba "malazi ya kuridhisha", kana kwamba karani asiyeona anatafuta chumba cha wageni, ilhali anachoomba ni kurekebishiwa kazi na mahali pa kazi. Hilo naliacha. Kila alisomaye hucheka, na kicheko hicho kinatosha kulisahihisha. "Tarehe ya mwisho" haimchekeshi mtu, ndiyo maana inadumu.

Sheria yenyewe msomaji anaijua, nami sitamchosha nayo. Mfanyakazi wa serikali kuu analindwa na kifungu cha 501 cha Sheria ya Utengamao ya 1973. Anapodai kubaguliwa, anatakiwa amfikie mshauri wa usawa wa ajira wa idara yake ndani ya siku 45. Kabla ya kanuni mpya kuanza Oktoba 1992 zilikuwa 30 tu. Mashauriano yakishindikana anapewa taarifa ya haki yake, na tangu aipokee ana siku 15 za kuleta lalamiko rasmi. Rufaa kwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira ni siku 30 tangu apokee uamuzi, na kwenda mahakamani ni siku 90. Wa kampuni binafsi, au wa serikali ya jimbo, hupewa siku 180 za kuifikia Tume, na katika majimbo mengi 300. Serikali kuu imejiwekea yenyewe mlango mwembamba kuliko ilioufungulia wengine, na hilo lingestahili makala ya mwanasheria. Mimi ni mtu wa maneno.

Katika hesabu zote hizo hakuna hata moja iliyo tarehe. Kila moja ni fungu la siku linaloanzia kwenye tukio: kunyimwa cheo, kufukuzwa, kupokea barua. Na ugomvi unaofikishwa mahakamani aghalabu hauwi juu ya siku ya mwisho. Huwa juu ya siku ya kwanza. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Green dhidi ya Brennan. Green alikuwa mkuu wa ofisi ya posta huko Colorado. Mnamo Desemba 2009 alitia saini makubaliano yaliyomwachia kustaafu au kwenda kufanya kazi ya chini, mbali na alipokuwa; Februari 2010 akaandika barua ya kuacha kazi; Machi akamwendea mshauri. Ukihesabu tangu makubaliano, alikuwa siku ya 96, amekwisha. Ukihesabu tangu barua yake, alikuwa siku ya 41, salama. Mahakama ikasema hesabu huanza siku mfanyakazi anapotoa taarifa ya kuacha kazi. Dai lake lilikuwa la kulipiziwa kisasi kwa kulalamikia ubaguzi wa rangi, lakini kanuni ya siku 45 ni ileile anayopimwa nayo asiyeona na asiyesikia. Sasa nielezwe: katika mgogoro mzima huo, "tarehe ya mwisho" ilikuwa ikifanya kazi gani?

Tarehe, kwa asili, ni tarikh ya Waarabu: kuweka siku ya jambo, na kutoka hapo historia yenyewe. Ndiyo maana wazee walisema "tarehe ya Pate" wakimaanisha habari za Pate tangu mwanzo. Ni neno la mwandishi wa yaliyokwisha pita. Linamfaa anayetangaza kazi magazetini, kwa kuwa waombaji wote wana siku moja ya kufungiwa. Halimfai mlalamikaji ambaye siku zake ni zake peke yake, na mwenzake wa dawati la jirani ana nyingine.

Ndugu zetu wa magazeti ya Nairobi wana makataa. Polisi hutoa makataa, gavana hutoa makataa, walimu huwapa waajiri makataa kisha hugoma. Neno ni zuri na lina umri. Mkataa tunalo tangu zamani, "neno la mkataa" likiwa lile lisilorudishwa nyuma. Ndani yake mna qat' ya Kiarabu, kukata, iliyokutana na kata yetu ya Kibantu zikatambuana kama jamaa waliopoteana, ingawa hazina undugu wa damu. (Mtaalamu mmoja aliyetaka kuliunganisha na mkataba angepitia kwanza herufi zake: mkataba ni wa kuandika, na kaf si qaf.) Lakini makataa hutolewa na mtu kumpa mtu, kwa sauti, na nyuma yake pana tishio. Siku 45 hazitolewi na yeyote. Huanza kimya siku bosi anapokataa ombi lako, wala bosi mwenyewe huenda hajui kwamba zimeanza.

Watanzania wana ukomo. Ipo Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na tangu marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, neno hilo limezidi kujiamini. Siligusi lilipo. Nasema tu kwamba ukomo, kikomo na koma ni familia moja inayotazama ukuta wa mwisho bila kuuliza njia imeanzia wapi. Aidha neno limekwisha kuelemewa: tunao ukomo wa madaraka, tunao ukomo wa hedhi, na kamati haijamaliza kuligawa.

Upande wa mawakili husikika "ndani ya muda" na "nje ya muda", na Kiswahili hicho ni safi kabisa. Kosa la muda ni upana. Muda umetoka katika mzizi wa kunyoosha, m-d-d, uliotupa pia mada, na kitu cha kunyooshwa hakina mwisho mpaka mtu aukate. "Muda mrefu", "kwa muda", "muda si muda": neno linalojibu kila swali huwa halijajibu lolote.

Lipo neno muhula, nami nalitetea bila kuomba radhi. Mzizi wake wa Kiarabu, m-h-l, ni wa kutopapia, wa kwenda taratibu; muhla ni nafasi anayopewa mtu kabla hajabanwa. Kiswahili kililichukua na utamu wake wote. Mdeni huomba muhula. Mdai akiwa muungwana humpa muhula, na ukimalizika hana tena la kujitetea. Yamo yote tuyatakayo: mwanzo unaojulikana, urefu uliopimwa, mwisho wenye madhara, na zaidi ya hayo kuna haki ya mtu. Kwani siku 45, pamoja na ufinyu wake, ni nafasi ya mlalamikaji. Ni zake. "Tarehe ya mwisho" humfanya mkosaji anayefukuzwa. "Muhula wa kudai" humfanya mwenye haki anayeitumia au kuipoteza.

Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi, pamoja na shajara ya matumizi ya neno hilo, mbele ya kikao kimoja cha istilahi ambacho sitakitaja. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: muhula ni wa shule. Ndiyo, ni wa shule, na wa rais pia, na hakuna aliyewahi kuchanganya kidato cha pili na Ikulu. Nguvu ya neno ni kuwa watu wanalo. Wajumbe waliolikataa kwa sababu ya shule ndio haohao waliopitisha maneno ambayo mpaka leo hayajatamkwa na mtu mwenye njaa wala mwenye haraka.

Mpinzani wa kuheshimiwa nilikuwa naye mmoja, sheikh wangu mwenye elimu kunizidi, aliyesema tuite "eda ya lalamiko". Nilimsikiliza. Eda imetoka katika kuhesabu, ni ndugu wa idadi, na kwa hilo inazishinda tarehe zote: ni siku zilizohesabiwa na sheria, zinazoanzia kwenye tukio. Mjane ana miezi minne na siku kumi, na kwa wanazuoni wengi hesabu huanza siku mume alipofariki, hata kama habari imemfikia baadaye. Ikimfikia siku zimekwisha, basi eda imekwisha. Hapo ndipo sheikh wangu aliponipa silaha ya kumpigia. Kanuni za Marekani haziendi hivyo. Idara inatakiwa kuongeza siku 45 iwapo mfanyakazi ataonyesha kwamba hakujulishwa kuwa ziko wala hakuzijua kwa njia nyingine, au hakujua na hakuweza kutarajiwa kujua kuwa ametendewa ubaguzi, au alizuiwa na mambo yaliyomshinda ijapokuwa alijitahidi. La pili ni kubwa zaidi: aliye edani hukaa. Akichukua hatua kabla ya wakati amekosea. Mlalamikaji wa siku 45 akikaa ndipo anapokosea.

Hata hivyo sitamnyima haki yake. Tangu lalamiko rasmi liwasilishwe, idara ina siku 180 za kulichunguza, na ndani ya hizo mlalamikaji asiyepewa uamuzi wa mwisho hawezi kukimbilia mahakamani. Zikipita bila uamuzi, mlango uko wazi. Kipindi hicho ni eda tupu, na ningependa tukiite hivyo: muhula wa kutenda, eda ya kungoja. Kijitabu chetu kimeviita vyote viwili tarehe ya mwisho. Msomaji wake ataamini kuwa siku 180 ni za kwake kuleta kesi, azitumie zote akijipanga.

Ulemavu ndio unaoivunja "tarehe ya mwisho" kuliko mengine yote. Mwaka 2002, katika kesi ya Morgan, Mahakama Kuu ilisema kila kitendo kinachosimama peke yake, kama kufukuzwa au kunyimwa cheo, kina hesabu yake. Lakini mfanyakazi aliyeomba kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti akanyimwa hajanyimwa siku moja. Wajibu wa mwajiri wa kumrekebishia kazi ni wa kuendelea, na Tume imeshikilia kuwa ukiukaji hujirudia kila mfanyakazi anapohitaji kifaa hicho akakikosa. Hitaji likirudi, muhula huanza upya. Jaribu kuandika hilo kwa tarehe ya mwisho: itakubidi useme tarehe ya mwisho inaanza tena kila asubuhi, na hapo hata kikao nilichokitaja bila kukitaja kingeshtuka.

Neno langu linabeba hata vitenzi vyake. Muhula huanza, hupita, huongezwa, husimamishwa. Kesi ya Irwin ya 1990, ya mtu aliyefukuzwa na idara ya maveterani akadai rangi yake na ulemavu wake ndiyo sababu, ilifia hapo. Barua ya Tume iliwasili ofisi ya wakili wake wakili akiwa nje ya nchi. Shauri likafunguliwa siku 44 baada ya barua kufika ofisini, siku 29 baada ya Irwin mwenyewe kuipata kwa maneno yake, wakati muhula ulikuwa siku 30. Mahakama ikasema ofisi ya wakili ikipokea, mteja amepokea. Ikakubali kwamba hata dhidi ya serikali muhula unaweza kusimamishwa kwa haki, ila si kwa uzembe wa kawaida. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilizifanya siku 30 kuwa 90, zikamkuta Irwin amekwisha shindwa.

Kwa matumizi: andika "ndani ya muhula wa siku 45 tangu kitendo kilipotokea", utaje tukio kila mara, hesabu siku za kalenda, na ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, songa hadi siku ya kazi inayofuata. Tarehe kamili iandikwe kwenye barua ya mtu mmoja tu, baada ya hesabu kufanywa.

Kijitabu bado kinagawiwa. Mwenye neno bora kuliko muhula na alilete kwa maandishi, si kwa mstari mmoja, na atueleze neno hilo linaanza kuhesabiwa siku gani.