Lilja, wimbo wa Bikira Maria katika Islandi

Mbali sana, kaskazini ya Ulaya, kuna kisiwa cha barafu na milima ya moto, jina lake Islandi. Wenyeji wake ni watu wa mashairi tangu zamani. Mtawa mmoja, Eysteinn Ásgrímsson, aliyekufa mwaka 1361, ndiye anayetajwa kuwa alitunga utenzi wa Lilja. Jina hilo ni la ua jeupe, mfano wa usafi wa Bikira Maria.

Beti zake ni 100, kila ubeti mistari 8, kila mstari silabi 8. Husemwa hesabu ya 100 ilifuata herufi za Salamu Maria ya Kilatini. Tena sheria ni kali: maneno mawili ya mstari wa kwanza huanza kwa sauti moja, na neno la kichwa cha mstari wa pili huirudisha sauti ileile, hata ndani ya mstari silabi huitikiana. Jaribuni ninyi kwa Kiswahili, mtatoka jasho! Lakini mafumbo mazito ya washairi wa kale mtawa huyu aliyaacha, kusudi watu wamwelewe.

Mwaka 1550 Askofu Jón Arason alikatwa kichwa, na nchi nzima ikashika dini ya Luther. Je, wimbo wa Maria ulikufa? Hapana. Mwaka 1612 Walutheri wenyewe waliupiga chapa, ila waligeuza maneno ya kumwomba Maria. Watu hawakuacha kuuimba, na mwaka 1780 sauti yake ilichapwa kwa noti huko Paris.