Waunga Mifupa, Mgodi na Barabara: Matibabu ya Dharura ya Mifupa Kasese na Bwera

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, historia ya matibabu ya dharura ya mifupa na viungo imeongozwa zaidi na umbali kati ya majeruhi na mtibabu wake kuliko na uvumbuzi wa vifaa. Wakonzo wamelima miteremko ya Rwenzori kwa vizazi vingi, ikiwemo ile ya Mahango, na huko aliyevunjika mguu hakuwa na njia ya kufika bondeni isipokuwa kubebwa na jamaa na majirani.

Kama ilivyokuwa kwingineko Afrika Mashariki, mtibabu aliyekuwa karibu na majeruhi alikuwa mwunga mifupa, yaani mganga anayevuta kiungo kilichopinda mpaka kinyooke, kisha akakifunga kwa gango, ambalo ni vijiti au maganda ya mti yanayozuia ncha za mfupa zisicheze. Msingi huo wa kuutuliza mfupa ndio wa hospitali pia: Hugh Owen Thomas, aliyebuni gango la chuma ambalo katika Vita Kuu ya Kwanza liliokoa askari wengi waliovunjika paja, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Mpaka wa ujuzi wa mkono ulikuwa katika hatari zisizopapasika, kwa kuwa mfupa wa paja ukivunjika unaweza kumwaga lita 1 ya damu au zaidi ndani ya nyama pasipo tone kuonekana nje, kidonda kilicho juu ya mvunjiko huwafungulia vijidudu njia, na gango lililokazwa mno huzuia damu hadi nyama ikafa na kiungo kikalazimika kukatwa.

Mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, ulileta kazi ya miamba na mashine pamoja na Hospitali ya Kilembe, ya kampuni ya mgodi huo, katika bonde la mto Nyamwamba. Katika miaka ya 1960 wamisionari walianzisha Hospitali ya Kagando, kwenye njia ya kwenda mji wa Bwera, na katika muongo huohuo Ronald Huckstep, aliyefundisha upasuaji wa mifupa katika Chuo Kikuu cha Makerere, alitetea vifaa rahisi vinavyotengenezwa nchini. Tetemeko la Machi 1966, lililoua zaidi ya watu 150 katika eneo la Toro, ambalo Kasese ilikuwa sehemu yake, lilidhihirisha kwamba majeruhi wengi wanaweza kupatikana kwa mkupuo mmoja mbali na wapasuaji.

Uzalishaji wa shaba ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ajali zilihamia barabarani, hasa baada ya pikipiki za bodaboda kuenea hadi mpakani Mpondwe, jirani na Hospitali ya Bwera. Nyamwamba nao ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaiharibu vibaya Hospitali ya Kilembe, hivyo jengo lililokusudiwa kupokea majeruhi likawa lenyewe limejeruhiwa.

Kwa hiyo mwunga mifupa hakudumu kwa sababu ya ukaidi wa mila, bali kwa sababu aliendelea kuwa karibu. Mafunzo yanayomwezesha kufunga gango bila kukaza, kutambua kidonda cha mfupa na kumpeleka majeruhi hospitalini mapema yana manufaa zaidi kuliko marufuku, ambayo huacha saa za kwanza bila mtibabu yeyote.