Sululu za Vita za Bara Hindi: Silaha au Pambo?

Miongoni mwa silaha za kale za Bara Hindi iko moja iitwayo zaghnal. Jina hilo limetoka katika Kifarsi, na maana yake ni mdomo wa kunguru, kwa kuwa bapa lake limechongoka mfano wa mdomo wa ndege. Sisi twaweza kuiita sululu ya vita. Wapanda farasi waliichukua zama za wafalme wa Kimughal, walioanza kutawala mwaka 1526. Maana upanga huteleza juu ya deraya ya pete za chuma, bali ncha nene yenye uzito nyuma yake hupenya.

Lakini si kila zaghnal iliyohifadhiwa leo ilikwenda vitani. Mwaka 1851 silaha za Bara Hindi zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya London, na Wazungu wakazitamani. Kisha sheria ya mwaka 1878 ikawazuia wengi wa wenyeji kuchukua silaha bila ruhusa. Basi wahunzi waliokosa askari wa kuwafulia walipata wanunuzi wa mapambo.

Tutazipambanuaje? Wengi hutazama nakshi: penye dhahabu husema ni pambo tu, penye kutu husema ni ya kweli. Hukumu hiyo si ya haki. Wakuu walipenda silaha zenye kichwa cha tembo na nyuzi za dhahabu, nazo zilikuwa kali. Na kutu yaweza kuletwa upesi kwa tindikali. Hata dhahabu iliyopigwa kwa nyundo juu ya chuma kilichokwanguliwa mistari yaonyesha ufundi tu, kwa maana mafundi wa siku za baadaye waliijua kazi hiyo pia.

Yatupasa kuuliza kwanza: je, ingeweza kufanya kazi yake? Bapa la vita ni la chuma cha pua, nene hata karibu na ncha. La pambo mara nyingi ni jembamba, au ni la shaba. Kichwa cha vita kimeshikamana na mpini wala hakitikisiki, na uzito wake waelekea mbele. Tena mpini umelainika pale mkono uliposhika. Dalili moja haitoshi. Zikipatana nyingi, ndipo tunene.

Nayo silaha iliyochukuliwa mbele ya mfalme pasipo kumpiga mtu si ya uongo. Ya uongo ni ile iuzwayo kwa jina lisilo lake.