Wasongora na majani ya mbuga: nani alilipa?

Kusini mwa Kasindi, karibu na Ziwa Edouard, kuna uwanda mkubwa wa majani unaokatwa na mpaka wa Congo na Uganda. Upande wetu ni mbuga ya Virunga, upande wa pili ni mbuga ya Queen Elizabeth. Tembo hawajui mpaka huo. Wasongora, wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, nao waliuvuka mara nyingi wakitafuta malisho.

Uwanda huo haukuwa mtupu. Mwisho wa karne ya 19, sotoka iliua ng'ombe wengi wa eneo hilo. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, na wakoloni Waingereza wakahamisha wakaaji wa kando ya maziwa. Watu walipopungua, pori likaonekana kama halina mwenyewe. Wabelgiji walikuwa wameanzisha mbuga ya Albert mwaka wa 1925, ya kwanza Afrika, nayo ndiyo Virunga ya leo. Waingereza walifuata mwaka wa 1952.

Kwa mfugaji, mstari huo kwenye ramani ulikuwa hasara ya kila siku. Ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni pesa ya shule na ya hospitali. Malisho yakipungua, vyote hivyo vinapungua.

Miaka ya mwisho ya 1990, waasi wa ADF walipovuruga wilaya ya Kasese, Wasongora wengi walivuka na mifugo yao wakaingia Virunga. Mwaka wa 2006 wakuu wa Congo wakawafukuza. Walirudi Uganda na maelfu ya ng'ombe, wakaingia Queen Elizabeth, na huko pia wakaambiwa watoke. Serikali ya Uganda ikawagawia sehemu za mashamba yake. Wakulima Wakonzo nao walihitaji udongo huo, na ugomvi ukazuka.

Wanyama pia walilipa. Mwezi wa nne 2018, simba 11, wengi wao watoto, walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya Queen Elizabeth. Ilishukiwa kuwa ni sumu. Wakati huo asilimia 20 ya pesa ya kuingia mbugani ilienda kwa jamii jirani, lakini ilijenga madarasa na barabara. Mwenye ng'ombe aliyeliwa hakurudishiwa ng'ombe wake. Sheria ya Uganda ya mwaka wa 2019 ndiyo iliyofungua njia ya fidia, kwa hasara inayotokea nje ya mbuga.

Familia zilizohama makwao zinaijua hesabu hii: anayeambiwa aondoke huondoka na mzigo wote. Majani ya Virunga ni mali ya dunia nzima tangu mwaka wa 1979, yalipoandikwa kwenye urithi wa UNESCO. Kama ni ya wote, bei yake isibebwe na mwenye ng'ombe peke yake.