Kamera Juu ya Unguja: Africa Addio na Watazamaji wake wa Maskati

Iko filamu moja ambayo Waswahili wa Maskati hawaitazami kwa starehe. Ilitengenezwa na Waitaliano, ikatoka mwaka 1966, na jina lake ni Africa Addio, yaani Kwaheri Afrika. Urefu wake unapita saa mbili, lakini anayeifungua mara nyingi hutafuta dakika chache tu: zile ambazo kamera inapita angani juu ya Unguja, mwezi Januari 1964. Chini huonekana misururu ya watu wakitembezwa, watu waliovaa nguo nyeupe wakiwa wamezingirwa ndani ya kuta za makaburi, miili iliyolala ovyo, na wengine wakikimbilia pwani. Hakuna anayeonekana uso. Kwa mzaliwa wa Roma au Chicago, hizo ni picha za kutisha za mbali. Kwa familia iliyohama Unguja, ni picha pekee zinazotembea za siku zilizoivunja.

Historia ya utengenezaji wa filamu hiyo yafaa isimuliwe taratibu, kwa sababu katika utengenezaji ndimo ulimo mtego wake.

Waongozaji walikuwa wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Mwaka 1962, pamoja na Paolo Cavara, walikuwa wametoa Mondo Cane, mkusanyiko wa mambo ya ajabu na ya kuchukiza kutoka pembe mbalimbali za dunia, ulioungwa kwa sauti ya msimulizi mwenye kejeli na muziki mtamu wa Riz Ortolani. Filamu hiyo ilipata faida kubwa, ikazaa aina nzima ya sinema ambayo wahakiki huiita mondo: sinema inayodai kuonesha ukweli, ilhali bidhaa inayoiuza ni mshituko. Baada ya mafanikio hayo, mchapishaji na mtayarishaji Angelo Rizzoli aligharimia mradi mkubwa zaidi. Jacopetti na Prosperi walikwenda Afrika na mpiga picha wao Antonio Climati, wakafanya kazi kwa muda wa takriban miaka mitatu, wakati bendera za wakoloni zikishushwa nchi baada ya nchi.

Januari 1964 iliwakuta Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa imepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari serikali ikapinduliwa, Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli, na sauti ya John Okello ikatawala redioni. Waandishi wa kigeni walikuwa na njia chache sana za kuingia kisiwani. Waitaliano hao wakachagua njia ya juu: wakaruka na kamera zao, wakapiga picha wasipokanyaga ardhi. Msimulizi wa filamu anadai kwamba picha hizo ni za kati ya tarehe 18 na 20 Januari. Siku hiyo ya 20 jeshi la Tanganyika nalo liliasi, na filamu ina onesho ambamo watengenezaji wenyewe wanatolewa kwenye gari mjini Dar es Salaam na askari, wakiwa karibu kupigwa risasi, kabla ya kuachiwa.

Mazingira hayo ya kazi ndiyo yaliyoipa sehemu ya Unguja umbo lake. Kamera iliyo angani haiwezi kuuliza swali. Haijui jina la kijiji, haijui aliyekufa ni nani wala aliyemuua ni nani. Haisikii kilio, kwa kuwa kishindo cha injini humeza kila sauti. Sauti anazosikia mtazamaji, yaani maneno ya msimulizi na muziki wa Ortolani, ziliongezwa baadaye wakati wa uhariri. Kwa hiyo kilichorekodiwa ni mwendo wa watu wadogo kama sisimizi, na kilichobaki, yaani tarehe, idadi, sababu na maana, kilitiwa na mkono wa mhariri. Utisho wake unatokana na ukimya wa picha unaofunikwa na uhakika wa maneno.

Mhariri huyo alikuwa na hoja yake. Katika Africa Addio, mauaji ya watu yanapangwa kando ya mauaji ya wanyama: tembo, viboko na pundamilia wanaanguka, kisha wanaanguka binadamu, kana kwamba ni jambo moja. Wazungu wanaofungasha mizigo yao Kenya wanaonewa huruma. Mwafrika anaoneshwa kama mtu aliyeachiwa nyumba asiyojua kuitunza. Mwarabu wa Zanzibar anaingizwa zaidi kama mrithi wa biashara ya utumwa, na kifo chake kinatumika kuthibitisha kwamba bara zima limerudi gizani. Ukoloni unaondoka kwenye filamu ukiwa umesafishwa.

Yaliyoachwa nje ni mengi. Mtazamaji haambiwi kwamba katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini muungano wa ZNP na ZPPP ndio uliopata viti vingi na kuunda serikali. Haambiwi kuhusu machafuko ya Juni 1961, yaliyoua watu 68, wengi wao Waarabu. Haambiwi kwamba wengi waliouawa mwaka 1964 walikuwa Wamanga, wenye maduka madogo ya mashambani, watu waliouza chumvi, mafuta ya taa na sukari kwa mkopo, ambao hawakuwa na kasri wala watumwa. Haambiwi kwamba wako majirani waliowaficha majirani zao. Mambo hayo yote yalikuwa chini, na kamera ilikuwa juu.

Filamu ilipotoka ilizua ghasia. Nchini Italia, Rizzoli alipewa tuzo ya David di Donatello kwa utayarishaji wake. Huko Berlin Magharibi, Agosti 1966, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana dhidi yake hadi ikaondolewa ukumbini. Nchini Marekani, mwaka 1967, mhakiki Roger Ebert aliishutumu vikali kwa ubaguzi na udanganyifu. Hata kabla haijatoka, mwishoni mwa 1964, gazeti la L'Espresso lilikuwa limechapisha tuhuma kwamba mauaji yaliyopigwa picha nchini Kongo yalipangwa ili yaifae kamera. Jacopetti alichunguzwa, akajitetea, akaondolewa hatia. Kisha msambazaji mmoja wa Marekani akaikata filamu, akabakiza damu na kupunguza maelezo, akaiuza kwa jina jipya lililotaja damu na matumbo. Safari ya filamu hiyo kutoka kwenye madai ya uandishi wa habari hadi kwenye soko la sinema za kutisha ikawa imekamilika.

Mwaka 1980 Ruggero Deodato alitoa Cannibal Holocaust, hadithi ya kubuni kuhusu wapiga picha wanaosababisha ukatili ili waurekodi. Muziki wake ulitungwa na Riz Ortolani yuleyule. Aina ya utisho inayotegemea kanda iliyookotwa na kamera inayotikisika, ambayo leo imejaa kwenye majumba ya sinema, ina mizizi yake hapo. Kwa hiyo si kutia chumvi kuihesabu Africa Addio miongoni mwa filamu za mwanzo za tapo hilo. Tofauti ni kwamba katika hadithi ya kubuni mwigizaji huinuka baada ya kamera kuzimwa.

Hapo ndipo msiba wa watazamaji wa Maskati unapoanzia. Baada ya 1964 maelfu ya Wazanzibari wenye asili ya Oman walitawanyika: Mombasa, Dubai, Cairo, London. Oman yenyewe ilikuwa chini ya Sultani Said bin Taimur, na mlango wake haukuwa wazi kwa wote. Alipotawala Sultani Qaboos, Julai 1970, waliitwa warudi, wakaja na elimu yao na Kiswahili chao, wakafanya kazi katika wizara, hospitali, shule na visima vya mafuta. Walikuja pia na ukimya. Wazazi wengi hawakuwasimulia watoto yaliyotokea. Jamshid mwenyewe aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne kabla ya kurejea Oman mwaka 2020, na alifariki mwishoni mwa 2024.

Penye ukimya wa wazee, filamu ya Waitaliano ikachukua nafasi ya babu. Ilizunguka katika kanda za video, kisha katika diski, kisha ikafika kwenye simu, mara nyingi ikiwa imekatwa ikabaki sehemu ya Unguja peke yake. Zanzibar kwenyewe pia ilizunguka. Mwanaanthropolojia Marie-Aude Fouéré, katika makala yake ya 2016, ameonesha jinsi filamu hiyo ilivyogeuka nyaraka ya kumbukumbu visiwani, ikiaminiwa na wengine na kutiliwa shaka na wengine. Upande mmoja unasema: tazameni, huu ndio ushahidi. Upande wa pili unajibu: hiyo ni kazi ya wabaguzi waliozoea kupanga matukio. Na pande zote mbili zimeshika ncha ya kweli.

Wanazuoni wa hadithi walikuwa na adabu ambayo ingefaa hapa. Hawakupokea habari kabla ya kumchunguza aliyeileta, na tena hawakuitupa kila habari kwa sababu tu mpokezi wake ana dosari. Waliiweka kando ya habari nyingine, wakaipima. Kwa kipimo hicho, Jacopetti ni mpokezi dhaifu. Lakini mauaji yenyewe hayamtegemei yeye. Yameelezwa na walionusurika, na wanahistoria hawabishani kama yalitokea. Wanabishana kuhusu idadi, na makadirio yanatofautiana kwa maelfu. Picha inaweza kuwa ya kweli na maneno yaliyofunikwa juu yake yakawa ya uongo. Anayeshika vyote viwili kwa pamoja atajikuta, bila kukusudia, akiubeba uongo ili aulinde ukweli.

Hatari hiyo si ndogo. Kijana wa Maskati anayejifunza habari za bibi yake kwa sauti ya msimulizi wa Kiitaliano anajifunza pia dharau ya msimulizi huyo kwa Waafrika, pamoja na watu wa Unguja ambao bibi yake alikula nao sahani moja. Anajifunza pia dharau yake kwa Waarabu. Filamu inamwonesha maiti wa jamaa zake, kisha inamwambia kwamba walistahili kuoneshwa kwa sababu ni mfano mzuri wa kuporomoka kwa bara.

Dawa ya simulizi mbaya ni simulizi nyingi. Ali Muhsin al-Barwani, kiongozi wa ZNP aliyefungwa kwa miaka mingi Tanganyika na kufia Maskati mwaka 2006, aliacha kumbukumbu zake. Harith Ghassany alikusanya sauti za wahusika wengi katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kitabu cha Kiswahili cha 2010, na humo wanasikika hata wale waliosafirishwa kwenda kupindua. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, inayotazama Zanzibar ya miaka ya 1950 kutoka uchochoroni, kwenye usawa wa macho ya watu. Kazi hizi hazikubaliani, na hazihitaji kukubaliana. Zinafanana kwa jambo moja: watu waliomo wana majina.

Wale waliozingirwa ndani ya ukuta wa makaburi bado hawana. Walioweza kuwatambua, kwa mwendo wao au kwa mahali penyewe, leo wana miaka themanini na zaidi. Wachache wao wangali hai katika mitaa ya Maskati na katika vijiji vya Unguja, na kila mwaka wanapungua. Filamu itaendelea kuwapo. Haitabadilika hata neno moja.