Feni ya Mjomba

Ukitaka historia ya Peugeot 504, muulize mzee yeyote aliyezoea kusafiri kati ya Nairobi na Nakuru. Atakusimulia habari za Safari Rally: jinsi 504 ilivyoshinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 Jean-Pierre Nicolas akiwa kwenye usukani. Lakini feni ya hita hataitaja. Hata mimi nisingeitaja, lau si usiku mmoja wa Julai mwaka jana.

Mjomba ana 504 ndefu, ya viti vya safu tatu. Miaka ya tisini ilibeba abiria, na pesa zake ndizo zilizonifikisha kidato cha nne. Usiku huo tulikuwa sita ndani, tukipanda kutoka Mai Mahiu kwa ile barabara iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa lao dogo la mwaka 1942 tulikuwa tumeshalipita. Mvua ya rasharasha, baridi, madirisha yote yamefungwa. Pumzi zetu zikagusa kioo baridi, kikawa cheupe kama maziwa. Nikafuta kwa skafu ya mama, kikarudi vilevile. Mjomba akatoa kichwa dirishani. Alipoliona lori lililoharibika mbele yetu, bila taa, akakata kona na tukaishia mtaroni.

Hatukuumia. Lakini asubuhi Mjomba akasema, "Namwita mtu wa vyuma chakavu. Gari hili limetaka kuniulia dada."

"Mjomba, si gari, ni hita haifanyi kazi."

"Hita? Hita ni ya Ulaya, we kijana!"

Nikamwomba wiki moja tu.

Kweli, hita ilizaliwa kwenye baridi ya wenzetu. Wasafiri wa magari ya kwanza walijifunika mablanketi. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ikaleta mfumo uliovuta hewa safi kutoka nje na kuipasha joto kwa maji ya injini. Hata 504 ina redieta ndogo nyuma ya dashibodi. Maji ya moto hupita ndani yake, na feni husukuma hewa hadi kwenye kioo. Januari 1968 sheria ya Marekani ikaanza kudai magari mapya ya abiria yawe na kifaa cha kuondoa ukungu kiooni. Mwaka huohuo 504 ilizinduliwa Ufaransa. Yaani wenzetu walishajua kwamba hewa ile si ya kupasha miguu tu, ni ya macho ya dereva. Na Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, haiulizi kama wewe ni Mzungu.

Basi nikaingia chini ya dashibodi. Fundi mmoja alikuwa amesema zamani kwamba mota imekufa, na sote tukaamini. Nikazungusha swichi: mwendo wa kwanza, kimya, wa pili, kimya. Ingekuwa inazunguka kwa kasi kubwa pekee, ningeshuku waya wa kupunguza kasi. Nikatoa fyuzi, nzima. Nikachukua taa ya kupimia: umeme unaingia kwenye swichi, unatoka, unafika hadi kwenye mota. Nikagusisha mguu mmoja wa taa kwenye bodi ya gari, ikawaka. Nikauhamishia kwenye waya wa pili wa mota, ikazima. Kumbe umeme ulikuwa unafika, ila hauna njia ya kurudi!

Nikaufuata waya ule wa kurudisha umeme. Mwisho wake ulikuwa unaning'inia, umefungwa utepe mweusi. Skrubu yake ilikuwepo, lakini ilikuwa imeshika redio.

Nikamwita Mjomba. Aliinama, akautazama utepe, akakaa kimya muda mrefu.

"Nilifunga mwenyewe," akasema. "Abiria walikuwa wanapanda gari lenye muziki. Skrubu ikapungua, nikachukua hiyo."

Nikasugua kutu, nikafunga waya na skrubu mpya, nikatia tone la oili kwenye ekseli ya feni. Ikakoroma, ikakohoa vumbi la miaka, kisha ikazunguka. Mtu wa vyuma chakavu alipokuja, Mjomba alimpa chai akamwaga.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Wewe unayetaka kuandika kama mimi, usiwafuate washindi wa mbio peke yao. Ushindi wa 1975 nimeusikia mara mia. Habari ya skrubu ile, iliyokaribia kutumaliza watu sita, haikuwa imeandikwa popote, na aliyeijua alikuwa ameisahau.

Redio nayo ipo. Tumeitafutia skrubu yake.