Okidi za Mau na Bonde la Ufa la Kati

Okidi zenye ua la umbo la kiatu, zile za jenasi ya Cypripedium zinazostahimili theluji ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, hazioti porini Afrika. Kundi lao lote, lenye jenasi tano, halina spishi hata moja ya asili katika bara hili. Eneo la kati la Bonde la Ufa nchini Kenya, tangu Naivasha na Nakuru hadi Molo na kilele cha Mau, lina okidi za koo nyingine, nazo zimezoea baridi ya aina yake. Sakafu ya bonde iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa Mau hufika mita 3,000 hivi, na upande wa mashariki safu ya Aberdare hupanda hadi mita 4,000. Molo na Kinangop usiku huweza kuingia jalidi, kisha adhuhuri jua likawaka vikali. Hata hivyo, adui mkuu wa mmea hapa si baridi, ni kiangazi.

Okidi za ardhini hukikabili kiangazi kwa njia ileile ambayo Cypripedium hutumia kuvuka majira ya theluji, yaani kufa juu na kubaki hai chini. Okidi-kiatu hujificha katika shina lake la ardhini, na spishi nyingi za Satyrium, Habenaria na Disa huweka akiba katika viazi vidogo. Majani hukauka, nyasi huungua moto, na mvua ya masika ikinyesha chipukizi huibuka palepale. Disa stairsii, yenye ua la waridi, huota kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, ikiwemo Aberdare. Jina lake linamkumbuka William Stairs, ofisa wa msafara wa mvumbuzi Henry Morton Stanley, aliyepanda miteremko ya Rwenzori mwaka 1889 na kurudi na mimea. Chini zaidi, kwenye vichaka vikavu, huota Bonatea steudneri, mmea mrefu wenye maua ya kijani na nyeupe ambayo mpita njia asiyejua anaweza kuyadhania magugu.

Okidi za mitini ndizo zilizoupa msitu wa nyanda za juu sifa yake. Hazinyonyi mti zinaoukalia, kwa hiyo si vimelea. Mizizi yake hushika gome na kufyonza maji ya mvua na ya ukungu. Polystachya zina maua madogo yaliyogeuka juu chini. Cyrtorchis na Aerangis zina maua meupe yenye umbo la nyota, na nyuma ya kila ua mkia mwembamba wenye mbochi ndani. Mchana hazina harufu ya kutajika. Giza likiingia hunukia, kwani mgeni wao ni nondo mkubwa arukaye kasi, mwenye mrija mrefu wa kunyonyea. Charles Darwin alitabiri mwaka 1862, baada ya kuona okidi ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30, kwamba lazima yupo nondo mwenye mrija wa urefu huo. Nondo huyo alipewa jina la kisayansi mwaka 1903. Kwa okidi za Kenya, Dino Martins na Steven Johnson walichapisha mwaka 2007 utafiti uliobainisha jambo ambalo Darwin hakulitaja: mbochi wa Aerangis hauna utamu uleule kote. Mlangoni mwa mkia ni mwepesi, na kadiri nondo anavyozamisha mrija ndivyo sukari inavyozidi. Mwenye mrija mfupi huambulia maji matamu kidogo tu, ilhali mwenye mrija mrefu hulazimika kusukuma kichwa hadi kwenye chavua ili apate kilicho bora.

Okidi-kiatu, kwa upande wake, ni laghai. Mfuko wake hauna mbochi wowote. Nyuki huvutwa na rangi na harufu, hutumbukia ndani, na njia ya kutokea ni moja tu, ile inayompitisha chini ya chavua.

Okidi-kiatu na okidi za Kenya zina udhaifu mmoja. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haichipui porini mpaka ikutane na kuvu anayeilisha. Mfaransa Noël Bernard aliugundua ushirika huo mwaka 1899. Lewis Knudson wa Marekani akaonyesha mwaka 1922 kwamba sukari ya maabara inaweza kushika nafasi ya kuvu. Kwa maelezo haya, kung'oa okidi na kuipanda kwingine si kuihamisha. Mmea uliong'olewa unaweza kuishi miaka kadhaa bustanini bila kuzaa hata mche mmoja, kwa kuwa kuvu na nondo wake wamebaki msituni.

Wasafiri wa Ulaya waliopita bondeni walikusanya mimea pamoja na mawe na wanyama. Joseph Thomson alipita Naivasha hadi Baringo katika safari ya 1883 na 1884, na mwaka 1893 akafuata J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyelieneza jina la Bonde Kuu la Ufa. Hata hivyo kazi ya kuzipanga okidi za Afrika Mashariki kwa utaratibu ilichukua karibu karne nzima. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, hadi Nairobi mwaka 1950. Victor Summerhayes alitoa sehemu ya kwanza ya okidi katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1968, na Phillip Cribb akakamilisha nyingine mbili mwaka 1984 na 1989. Mwaka 1996 Joyce Stewart alichapisha kitabu kizima juu ya okidi za Kenya peke yake.

Wataalamu walipokuwa wakihesabu, msitu ulikuwa unapungua, na hapa ndipo historia ya okidi hizi inapoungana na historia ya watu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, ikivuka Mau katikati ya mierezi, mipodo na mianzi. Garimoshi lilichoma kuni. Elburgon ukawa mji wa viwanda vya mbao. Kuanzia miaka ya 1910 Idara ya Misitu iliwapa watu vipande vya kulima kati ya miche, ule mfumo wa shamba, na mahali pa miti ya asili pakapandwa misaipresi kutoka Meksiko na misonobari. Serikali ilipata mbao zilizonyooka. Okidi zilipata hasara isiyoandikwa katika kitabu chochote cha hesabu: msaipresi hukatwa ukiwa na miaka 30 hivi, ilhali tawi linalofaa kubeba shungi kubwa la Aerangis ni la mti mzee wenye gome lililochakaa na kuvu.

Kwenye nyasi jembe lilitangulia. Mlowezi Lord Delamere alijaribu ngano Njoro katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Baadaye yakaja mashamba ya pareto na viazi, Molo hadi Mau Narok. Moto wa nyasi okidi za ardhini huuvumilia, lakini kiazi kilichopinduliwa na plau hukauka juani.

Waogieki, wenyeji wa Mau wanaotundika mizinga ya magogo kwenye miti mikubwa, walihitaji msitu uleule mzee ambao okidi zinauhitaji. Wao waliondolewa mara kwa mara, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau zilitolewa kwenye hadhi ya msitu wa serikali. Jopo lililoundwa mwaka 2008 liliripoti mwaka uliofuata kwamba karibu robo ya msitu, zaidi ya hekta 100,000, ilikuwa imepotea katika miongo miwili.

Kenya ilijiunga mwaka 1978 na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao unazijumuisha okidi zote. Mkataba huo husimamia mipaka na bandari. Una maana kubwa kwa okidi-kiatu za Asia, zinazowindwa na wakusanyaji, na kwa nyanda za Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambako viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni kupelekwa Zambia kuwa chakula mpaka hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 2005. Mau haikuwahi kuwa na soko kama hilo. Okidi zake chache sana ziliuzwa; zilizo nyingi ziliangushwa pamoja na matawi ziliyoyakalia, zikaachwa zikauke kando ya magogo.